Nyimbo za Watu Chini ya Picha Zetu

Tumekwisha kutazama video nyingi zilizopigwa Vuhovi na vijijini jirani, katika usultani wa Bashu: harusi, misa za shukrani, sikukuu za shule, na zaidi ya yote mazishi. Vijana wanaozipiga hawana vyombo vya thamani. Wana simu moja, kijiti cha miguu mitatu, betri ya akiba, na mega walizonunua kwa fedha zao wenyewe. Hata hivyo mtu aliyeko Kampala, Bruxelles au Montréal humwona mama yake akishushwa kaburini saa ile ile tunapomwona sisi. Tusilidharau jambo hilo. Wakati wa ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, Vuhovi ilikuwa mojawapo ya kanda za afya zilizoguswa, na watu walijifunza kwa uchungu maana ya ndugu kutoweza kukaribia jeneza. Mwezi wa Machi 2020 makanisa yalifungwa nchini kote kwa ajili ya korona, na wengi wakazoea kufuata misa kwa simu. Basi kurusha picha moja kwa moja, au «direkti» kama wasemavyo vijana, kumekuwa huduma ya kweli.

Ndiyo sababu twataka kuipima kazi hiyo kama tunavyopima kitabu au mchezo: kusema lililo jema na lililo baya. Picha zenyewe kwa kawaida ni njema. Vijana hawa wanajua kungoja. Wanajua kumwacha mzee amalize kupangusa uso kabla ya kumsogelea. Wanajua kuonyesha mlima na ukungu wa asubuhi bila kujivuna. Ubaya uko masikioni. Karibu kila video imewekewa muziki wa nyuma ambao si wa mwenye video. Mara nyingi umechukuliwa bila ruhusa, tena haupatani na jambo linaloonyeshwa. Makosa hayo mawili watu huyatenganisha: la kwanza huwaachia wanasheria, la pili hawalisemi kabisa. Sisi twaona yametoka katika shina moja, yaani kudhani kwamba muziki ni kitu cha kujazia nafasi, wala hakuna mtu aliyeutolea jasho.

Tueleze kwanza jinsi mambo yanavyoharibika. Ua umejaa watu. Mwenye spika, aliyekodiwa na familia, anapiga wimbo wa mwimbaji mashuhuri wa Kinshasa wakati jeneza linatoka nyumbani. Kijana mwenye simu anarusha yote yanayopita. Mara sauti inakatika huko mbali. Wanaotazama wanaona midomo ikifunguka na kufumba, wanaona watu wakilia, lakini hawasikii neno. Wanapiga simu: «Yaya, tunaona lakini hatusikii!» Naye hana la kujibu, maana kwake sauti ipo tele. Wimbo unakwisha, shangazi anasimama kumsema marehemu, na ng'ambo bado ni kimya. Jioni watu husema: mtandao ulikuwa mbaya. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni mashine iliyousikia wimbo.

Mashine hiyo ni nini? YouTube iliianzisha yake mwaka 2007, ikaiita Content ID, na Facebook nayo ina ya namna hiyo. Wenye nyimbo hupeleka kazi zao, na mashine huzitolea alama, kama vile ofisi ya Leta inavyotunza alama za vidole. Kisha kila video inayopandishwa hulinganishwa na alama hizo, usiku na mchana, bila mtu kukaa kuisikiliza. Ikipatana, mwenye wimbo ndiye aliyekwisha kuchagua zamani litakalofuata: video inyamazishwe, au izuiwe katika nchi fulani, au iachwe lakini fedha za matangazo ziende kwake. Hilo ni dai. Kuna pia onyo, nalo ni zito zaidi: mwenye wimbo akiandika rasmi kwamba ameibiwa, video huondolewa, na maonyo matatu ndani ya siku 90 huweza kuufunga mlango wote wa YouTube wa mtu huyo pamoja na kila kitu alichokiweka humo. Fikiri kijana aliyekusanya mazishi na harusi za kijiji kwa miaka mitano, asiye na nakala mahali pengine. Siku moja asubuhi havipo tena. Watu wangapi wamepoteza hivyo sura ya mwisho ya baba yao, hakuna anayewahesabu.

Wala mashine haina akili ya kupambanua. Mwaka 2018 mwalimu mmoja wa Australia, Sebastian Tomczak, alipata madai matano juu ya video yake ya saa kumi ambayo haikuwa na kitu isipokuwa mvumo, kama wa redio isiyoshika stesheni. Mwaka huo huo mpiga kinanda Mwingereza James Rhodes alijirekodi nyumbani kwake akipiga tungo la Bach, akaliweka Facebook, na sekunde 47 zake zikadaiwa kuwa mali ya Sony Music. Bach alikufa mwaka 1750! Dai hilo liliondolewa baadaye, lakini tukumbuke kwamba Rhodes ni mtu mwenye jina, na wengi walipiga kelele kwa ajili yake. Kijana wa Vuhovi akidaiwa kwa uongo, nani atapiga kelele?

Kwa kuogopa mashine, vijana wamejitungia dawa zao, nazo zimeenea kama dawa za sokoni. Wa kwanza anasema: sekunde thelathini si wizi. Hakuna sheria inayosema hivyo, na mashine hutambua hata vipande vifupi kuliko hivyo. Wa pili anaandika chini ya video kwamba hana haki ya wimbo huo na kwamba hataki kumkosea mtu. Huyo amejishitaki mwenyewe kwa maandishi. Wa tatu anauharakisha wimbo kidogo au kuupandisha sauti ili mashine isiutambue. Mara nyingine hufaulu, lakini sasa amemwibia mwimbaji, tena amemharibia wimbo wake, na masikio yetu yanaumia. Wa nne, ambaye ndiye mwaminifu kuliko wote, asema: «Mimi nilinunua ule wimbo kwa fedha zangu.» Ni kweli. Alinunua ruhusa ya kuusikiliza. Mtu akinunua kitabu cha hadithi hajapata ruhusa ya kukipiga chapa na kukigawa. Na wimbo ni vivyo hivyo.

Hapa yafaa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea, hata walimu wa kwaya. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni tungo, yaani maneno na sauti zake, nalo ni la mtungaji. Ya pili ni sauti iliyonaswa siku fulani na waimbaji fulani, nayo ni ya aliyeinasa au aliyeigharimia, pamoja na haki za wale walioimba. Tungo la Bach halina mwenyewe tena. Sahani ya mpiga kinanda wa leo anayelipiga tungo hilo ina mwenyewe. Ndiyo maana mtu hujidanganya anaposema: «Huu ni muziki wa kale, ni wa wote.» Labda tungo ni la wote. Sauti uliyoichukua mtandaoni je?

Tuna mifano ya nyumbani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alipita ukingoni mwa msitu wa Ituri akinasa nyimbo za Wanande, Wabudu, Wambuti na wengine. Kazi zake zinatunzwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, na nyimbo zile za 1952 zimetolewa tena katika sahani mpya. Wimbo wenyewe ni wa mababu, na mtu wa Vuhovi akiuimba leo hana wa kumwomba. Lakini akiichukua sauti ile ya Tracey na kuiweka chini ya video yake, anagusa kitu kilichonaswa, kilichosafishwa na kuuzwa na watu wanaojulikana. Wengine watasema hilo ni jambo la ajabu, mjukuu kuombea ruhusa sauti ya babu yake. Nasi twaliona ajabu vile vile, tena twaona lastahili kuulizwa kwa nguvu: waimbaji wa 1952 walipata nini? Lakini swali hilo haliondolewi kwa kunyakua. Dawa iliyo karibu ni kuuimba wimbo upya na kuunasa wenyewe, maadamu wazee wanaoujua wangalipo.

Mfano wa pili ni Missa Luba, ambayo kila kwaya ya Kongo imepata kuisikia. Padri Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji, aliitengeneza na vijana wa Kamina, Les Troubadours du Roi Baudouin, na mwaka 1958 wakaiimba na kuitoa katika sahani. Ikasafiri kuliko vile yeyote alivyodhani: Pasolini aliitia katika sinema yake ya Injili ya Mateo ya mwaka 1964, na Lindsay Anderson akaitia Sanctus katika sinema yake «if....» ya mwaka 1968. Basi watu wengi hudhani misa hiyo ni kama maji ya mto. Padri Haazen alifariki mwaka 2004 tu. Sheria za nchi mbalimbali huhesabu miaka 50 au 70 tangu kifo cha mwenye kazi, kwa hiyo kazi yake italindwa muda mrefu bado, na sahani ina hesabu yake peke yake. Muziki wa kanisa si muziki usio na mwenyewe. Tunasema hivyo kwa kuwa tumekwisha kusikia maneno haya mara nyingi: «Ni kwa utukufu wa Mungu, nani atanishitaki?» Kama mtu akichukua mbuzi wa jirani ili kuwakaribisha wageni wa jubile, jubile haimfanyi mbuzi kuwa wake.

Twende sasa Kenya, maana huko jambo hili lilifika hadharani mbele ya watu wote. Mwezi wa Mei 2022, muungano wa Azimio la Umoja ulikuwa ukimtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga. Katika video waliyoiweka mtandaoni walitia «Extravaganza», wimbo wa Sauti Sol. Waimbaji wakaandika waziwazi kwamba hawakutoa ruhusa ya wimbo wao kuunganishwa na picha zile, na kwamba watatafuta haki yao. Azimio wakajibu kwamba walikuwa wakionyesha mapenzi yao kwa vijana hodari wa nchi yao. Jibu hilo lilikuwa tamu, lakini halikujibu kitu. Waimbaji hawakuuliza kama wanapendwa. Waliuliza nani aliwapa ruhusa.

Kesi hiyo inafundisha jambo ambalo vijana wetu wanaorusha picha hawalijui. Ruhusa ya kupiga wimbo mbele ya watu uwanjani ni moja. Ruhusa ya kuuoza wimbo kwa picha, ukae humo siku zote, ni nyingine, nayo hutolewa na wenye tungo na wenye sauti wenyewe. Mwenye spika aweza kuwa amelipa kila ada inayotakiwa kwa kupiga muziki harusini. Kijana mwenye simu hapati kitu kwa malipo hayo. Tena muziki uliopigwa chini ya video ya kiongozi humfanya mwimbaji aonekane kuwa mtu wa kiongozi huyo. Katika nchi yetu, ambako watu wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wa upande fulani, hilo si jambo dogo.

Na Kongo je, haina sheria? Inayo. Sheria-Amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watungaji na haki zinazozifuata, na nchi yetu imo katika Mapatano ya Berne, kwa hiyo wimbo wa mgeni unalindwa hapa na wetu unalindwa kwao. Shirika la kwanza la kukusanya malipo ya watungaji, SONECA, lilianzishwa mwaka 1969. Mahali pake pameshikwa na SOCODA, lililoundwa mwaka 2011. Lakini mtungaji wa kilimani, aliyeandika nyimbo ishirini za kwaya katika daftari la shule, Kinshasa iko mbali naye kama mwezi. Hajaandikishwa popote. Nyimbo zake zinaimbwa toka Vuhovi hadi Butembo na Beni, zinanaswa kwa simu, zinapandishwa mtandaoni na mtu asiyemjua, nazo zinavuta watazamaji. Yeye analima maharage kama jana.

Tena kuna ubaya mwingine, mpya kidogo. Mtu aweza kuchukua wimbo wa kwaya, akaupeleka kwa kampuni ya kusambaza nyimbo kana kwamba ni wake, nao ukaandikishwa katika mashine. Tangu siku hiyo mashine humjua huyo kuwa ndiye mwenye mali. Kwaya yenyewe ikiweka video ya sikukuu yake, inapokea dai kutoka kwa mgeni juu ya wimbo uliotungwa na mwalimu wake mwenyewe! Yaweza kupinga, na YouTube humpa mdai siku 30 za kujibu. Lakini utapinga kwa ushahidi gani, kama hukuandika tarehe wala jina popote? Hapo ndipo twaona kwamba sheria hii, ambayo vijana huichukia kama askari wa barabarani, yaweza kuwa rafiki yao siku moja.

Baadhi ya vijana wenye busara wamekwisha kuacha nyimbo za mashuhuri, wakaenda kwenye maktaba za muziki wa ruhusa. Tunawasifu. Lakini wasiende wamefumba macho. YouTube ina maktaba yake ya sauti, na Facebook ina yake; ile ya Facebook imetolewa kwa video zinazowekwa katika Facebook na jamaa zake, si za kupelekwa popote. Kuna maktaba za kulipia kila mwezi: humo video uliyoitoa ukiwa umelipa kwa kawaida hubaki salama, bali ile utakayoitoa baada ya kuacha kulipa haina kinga, hata kama muziki ungali katika simu yako. Nyingi hukutaka pia uandikishe jina la ukurasa wako, la sivyo mashine itakudai kama mwizi ingawa umelipa. Na yale maneno wanayoyaandika, kwamba muziki «hauna malipo ya mrabaha», yasikudanganye: maana yake umelipa mara moja, au mwingine amekulipia, wala hutalipa tena kila unapoutumia. Hayasemi kwamba ni wa bure.

Kisha kuna nyimbo zenye ruhusa za Creative Commons, shirika lililoanzishwa mwaka 2001. Hizo zina herufi, na herufi ndizo ruhusa yenyewe. BY yataka umtaje mtungaji. NC yakataza biashara, na kijana aliyelipwa na familia ili apige video ya harusi ni vigumu kusema hafanyi biashara. ND yakataza kugeuza. Na kwa kanuni za shirika lenyewe, kuunganisha wimbo na picha zinazotembea kwahesabiwa kuwa kugeuza. Kwa hiyo wimbo wenye ND, ingawa waonekana wa bure, haufai kabisa kuwekwa chini ya video. Tumeona wengi wakiutumia kwa moyo mweupe.

Sasa tufikie lile kosa la pili, la masikio. Nyimbo nyingi za maktaba hizo ni salama, nazo ni tupu. Zimetungwa na watu wasiojua zitakwenda wapi, kwa hiyo zinafaa kila mahali, wala hazifai mahali popote. Utakuta kinanda kile kile kinachodondoka polepole chini ya mazishi ya bibi, chini ya ufunguzi wa kisima, na chini ya tangazo la duka la mabati. Mwezi wa Februari 2021, Metallica walipokuwa wakipiga ngoma zao za kishindo katika sherehe ya kampuni moja ya michezo ya kompyuta, Twitch waliokuwa wakiirusha katika ukurasa wao waliogopa madai, wakaifuta sauti yao na kuweka muziki mwororo wa kubembeleza. Watazamaji waliona wanaume wakitikisa vichwa kwa nguvu zote juu ya sauti kama ya ndege bustanini! Dunia nzima ilicheka. Lakini je, sisi hatufanyi hivyo? Tumeona video ya mazishi ambamo akina mama wanaimba kwa Kinande, na juu yao amewekwa mpiga kinanda wa Ulaya asiyejulikana, kiasi kwamba maneno ya akina mama hayasikiki. Huyo kijana hakuvunja sheria yoyote. Alizika mara ya pili.

Kwa maoni yetu, video nyingi za Vuhovi hazihitaji muziki wa nyuma hata kidogo. Mvua juu ya mabati, miguu ya watu katika tope, mtoto anayekohoa, jogoo asiyeheshimu hotuba ya mheshimiwa: hizo ndizo sauti ambazo mtu aliyeko Montréal amezikosa kwa miaka kumi. Kinanda anacho huko huko. Muziki uwekwe mahali pa kuanzia na pa kumalizia, na pale ambapo upepo umeharibu sauti. Wakati mtu anasema, muziki unyamaze.

Na pale unapohitajika, mbona tusiutafute karibu? Kila parokia ina kwaya, mara nyingi zaidi ya moja. Kuna wapiga gitaa, wapiga ngoma, watoto wa shule wenye filimbi. Kwaya yaweza kukaa siku moja katika chumba kisicho na mwangwi, ikanasa vipande kumi na viwili vya dakika moja au mbili, vya furaha na vya huzuni, vingine bila maneno, kwa nyimbo zilizotungwa na watu wake au zilizorithiwa kwa wazee. Hapo tungo lina mwenyewe anayejulikana, sauti ina mwenyewe anayejulikana, na wote wawili wanakaa umbali wa kutembea kwa miguu. Hakuna maktaba ya Ulaya iliyo salama kuliko hiyo. Wengine watasema kwaya zetu hazina ufundi wa kunasa. Hawajasikia vizuri. Kipande kimoja cha ngoma na sauti nne, kilichonaswa kwa simu nzuri madirisha yakiwa yamefungwa, kinashinda saa nzima ya muziki wa kununua.

Lakini pasiwe na mambo ya «tunajuana». Kujuana ndiko kunakovunja udugu pesa zikianza kuingia. Iandikwe hati, hata kwa kalamu, kwa Kiswahili au Kifaransa, yenye jina la mtungaji, majina ya walioimba na kupiga, tarehe na mahali pa kunasa. Muziki utatumika katika video zipi na kurasa zipi. Kama mwenye video aweza kupata fedha za matangazo au la. Atalipa kiasi gani, mara moja au kila video. Na jina la kwaya litaandikwa wapi. Kuhusu kiasi, hatutaki kumpangia mtu. Twasema tu kwamba familia inayomlipa mwenye spika, mpishi na mwenye viti haiwezi kusema haina kitu cha kuwapa waimbaji. Waimbaji wenyewe nao wasitoze bei ya Kinshasa kwa harusi ya mkulima.

Kwa kurusha moja kwa moja kuna jambo la kuongeza, maana hapo hapana nafasi ya kusahihisha. Mwenye simu aonane na mwenye spika kabla ya siku yenyewe, wakubaliane nyimbo zipi zitapigwa wakati wa kurusha. Akina baba wa familia wasaidie, maana mwenye spika huwasikia wao kuliko kijana. Ikishindikana, kijana afunge kipaza sauti chake wakati sahani inapigwa, aseme kwa maandishi kwamba sauti itarudi, kisha akifungue mtu anapoanza kusema. Ni afadhali dakika tatu za kimya kilichotangazwa kuliko saa nzima ya kimya kisichoelezeka. Na video nzima ihifadhiwe pia katika simu au kompyuta, mbali na mtandao. Wala asidhani kwamba kwaya ikiimba yenyewe mambo yamekwisha: ikiimba tungo la mtungaji aliye hai wa Dar es Salaam au Nairobi, sauti ni yake bali tungo ni la mwingine, naye aandikiwe. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, ONE LICENSE ya Marekani, inayotoa ruhusa za nyimbo za ibada, ilitoa kwa muda ruhusa ya bure kwa makanisa yaliyolazimika kurusha misa. Hata bure ilitolewa kwa kuombwa na kuandikwa.

Bado jambo moja kwa kwaya zitakazokubali kunasa vipande hivyo. Siku moja atakuja mtu wa kampuni ya kusambaza nyimbo, atawaahidi fedha kutoka kila upande wa dunia, na katika karatasi yake patakuwa na mahali pa kukubali kwamba nyimbo ziandikishwe katika mashine ya YouTube. Si jambo baya, maana litawazuia wezi. Lakini wakikubali bila kusema neno, mashine itawadai pia wale vijana wa kijijini waliowapa hati kwa mikono yao. Basi wamwambie kwanza nani wana ruhusa, na kurasa zao zinaitwaje, naye aziandike ziachwe. Kisha wao watie sahihi, na nakala moja ya karatasi ibaki katika sanduku la kwaya pamoja na vitabu vya nyimbo.